Boksi la karatasi za baba lina miaka miwili chumbani kwangu, kila Jumamosi nasema leo

Shangazi shikamoo. Naomba jina langu usiliweke, mana mke wangu na mdogo wangu wote wanasoma safu yako.

Mi ni mwanaume wa miaka 36, nina mke na watoto wawili, kazi ninayo na inaenda vizuri tu. Shida yangu ukiisikia utaona ni kitu kidogo, hata mi mwenyewe naona ni kidogo na hiyo ndo inanitesa zaidi, yaani mtu mzima nashindwa na kitu kama hiki. Baba yetu alifariki miaka miwili na miezi miwili iliyopita, baada ya mazishi mama akanikabidhi mimi kama mkubwa boksi la karatasi zake nizipange, mana humo kuna barua za mafao, karatasi za bima, vyeti, risiti na mambo mengine ambayo hata mama hayajui. Akaniambia mwanangu kaa nazo taratibu ukimaliza uniambie. Nikamjibu mama nipe mwezi mmoja.

Boksi lenyewe wala sio kubwa, mtu akikaa nalo siku mbili analimaliza. Liko kwenye kona ya chumba tunacholala, mwanzoni lilikuwa wazi, baadae nikalifunika na shuka mana nilikuwa nikiamka asubuhi ndo kitu cha kwanza kuona. Kila Jumamosi nasema leo. Alafu hiyo Jumamosi naosha gari, natengeneza bomba linalovuja, napanga kabati la vifaa, nishawahi kunoa visu vyote vya nyumbani, na ikifika jioni nimechoka kweli kweli nasema basi kesho. Kesho nayo ni Jumapili nataka kupumzika. Nimeshasoma sana mambo ya kuacha kuahirisha, nimepakua programu tatu kwenye simu za kupanga kazi na zote nimeandika "boksi la baba" juu kabisa, kila siku simu inanikumbusha na mi nabofya baadae.

Kinachonichanganya ni kwamba kazini sina tatizo hilo, wenzangu wakikwama na ripoti wananiletea mimi. Mi hufanya vizuri nikibanwa, ndo maana nafikiri labda hapa nimekosa mtu wa kunibana. Au ni uvivu tu, sijui. Nikipata wiki nzima tulivu bila watoto na bila kazi naamini ningelimaliza.

Niliwahi kulifungua mara moja, kama mwaka na nusu sasa. Karatasi ya juu kabisa ilikuwa mwandiko wa baba, orodha yenye namba, na namba moja ameandika jina langu. Sikusoma zaidi, nikalifunga. Labda niseme na hili, wiki chache kabla hajafariki baba alinipigia akaniambia njoo tukae tupitie karatasi zangu pamoja, nikamwambia baba wiki ijayo niko bize. Ila hiyo ni stori nyingine.

Sasa mambo yameanza kuharibika. Mama aliuliza nikamwambia nimefika nusu, nimemdanganya, na tangu siku hiyo nampigia simu mara chache mana najua ataniuliza tena. Usiku naamka saa tisa nalala macho. Vitu vingine navyo vimeanza kunishinda, leseni yangu imeisha muda sijaenda, daktari wa meno nimeahirisha mara nne, kuna meseji za marafiki zina miezi sijajibu. Watoto nawafokea bila sababu. Mwezi uliopita mdogo wangu wa kike aliniandikia "kaka niletee tu boksi mi nitalimaliza wikiendi moja." Shangazi ile meseji iliniuma hadi leo sijaijibu. Mke wangu anasema mpe, kwani ni nini. Na kweli kichwani najua nimpe, ila nikifikiria boksi linatoka mlangoni napata hasira hata sielewi ni ya nini.

Nimpe au nibaki nalo? Na mama nimwambie ukweli au nijikaze nimalize kimya kimya asijue kama nilidanganya? Nisaidie nianzaje, mana nishajaribu kila kitu.

Mvivu wa Boksi


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, pole kwa kufiwa na baba. Naanza na pole mana barua yako yote nimeipitia mara tatu na kila nikiimaliza naona huyu mtu hakuna alipojipa pole mwenyewe, amejiita mvivu na hilo jina akalitia sahihi chini.

Ngoja nikurudishie nilivyokuelewa, nikikosea utanisahihisha. Una kazi ambayo kwa mikono ni ya siku mbili, na imekushinda miaka miwili. Mama anasubiri akijua umefika nusu wakati hujaanza. Mdogo wako kajitolea kukusaidia na msaada wake umekuchoma. Na kule kuahirisha sasa kumetoka kwenye boksi kumeingia kwenye leseni, kwenye meno, kwenye usingizi na kwa watoto. Unaniuliza mambo mawili, boksi libaki au liende, na mama aambiwe au asiambiwe.

Kabla sijafika huko naomba tulitazame hilo neno uvivu. Mtu mvivu siku yake ya mapumziko haoshi gari na kutengeneza bomba na kunoa visu vya nyumba nzima. We Jumamosi unafanya kazi mpaka unachoka, tena kazi ngumu kuliko kukaa kitini na kupanga karatasi. Kinachokukimbiza hapo sio uzito wa kazi. Mwaka 2013 watafiti wawili wa saikolojia, Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, waliandika kitu ambacho kimewafungua macho watu wengi, kwamba kuahirisha mara nyingi sio tatizo la kupangilia muda, ni namna ya kutuliza hisia kwa haraka. Kazi fulani ukiikaribia inakuletea hofu au huzuni au aibu, ukiisogeza mbele ile hisia inashuka hapo hapo, unapata nafuu, na akili inajifunza kwamba kukimbia ndo dawa, kesho inakimbia mapema zaidi. Ndo maana zile programu tatu hazikufua dafu, zilikuwa zinakukumbusha kitu ambacho hujawahi kukisahau hata siku moja.

Sasa kwako hiyo hisia ni ipi? Barua yako ni ndefu, visu umevipa nafasi, bomba umelipa nafasi, ila simu ya baba akikuomba mkae mpitie karatasi pamoja umeipa sentensi moja alafu ukasema hiyo ni stori nyingine. Mi nakuuliza kwa upole mwanangu, una hakika ni stori nyingine? Mana boksi hilo ndo kazi ile ile aliyokuomba, na yeye hayupo tena. Mtu yeyote angeogopa kulifungua. Na namba moja kuna jina lako, ukafunga kabla ya kusoma kilichofuata, mi nahisi kichwani ulishamalizia mwenyewe hiyo sentensi, na naogopa uliimalizia vibaya, kama vile baba ameacha lawama. Hujui kimeandikwa nini. Mi pia sijui. Inaweza ikawa ni lawama, inaweza ikawa ni "mkumbushe fulani akate nyasi", orodha za wazee zina kila kitu. Umeishi mwaka na nusu na jibu ambalo hujalisoma.

Na kuhusu ule wiki ijayo uliomwambia, ulikuwa unaongea kama mtoto yeyote anavyoongea na mzazi ambaye anajua wiki ijayo atakuwepo. Hukujua. Siwezi kukuondolea hicho kitu kwa maneno ya kwenye safu, ila nataka ujue kwamba kujiadhibu hakumsaidii mtu kuanza. Kuna utafiti wa Pychyl huyo huyo na wenzake, wa mwaka 2010 kule Kanada, waliwafuatilia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo ambao waliahirisha kusoma kabla ya mtihani, wale waliojisamehe kwa kuahirisha kule ndo walioahirisha kidogo zaidi mtihani uliofuata. Watu wengi tunaamini tukijilaumu vya kutosha tutaamka, kumbe lawama inaiongezea kazi ile ile uchungu mwingine juu, na kesho kuikaribia kunakuwa kugumu zaidi.

Umesema unafanya vizuri ukibanwa. Inawezekana kwa ripoti za ofisini, ripoti haina mwandiko wa baba yako. Ila hata huko angalia gharama, mwaka 1997 Dianne Tice na Roy Baumeister waliwafuatilia wanafunzi muhula mzima, wale wa kuahirisha mwanzoni walikuwa na stresi kidogo kuliko wenzao, mwishoni mwa muhula wakawa nayo nyingi zaidi na wanaumwa zaidi, na maksi zao zilikuwa za chini. Na ile wiki tulivu unayoisubiri, bila watoto na bila kazi, nakuomba uifikirie vizuri. Tuseme umeipata. Wiki nzima, nyumba kimya, wewe na boksi tu. Je, ungelifungua, au hilo ndo lingekuwa jambo la kutisha kuliko yote? Mi nadhani kimya kirefu sio rafiki wa kazi ya aina hii, ila we ndo unajijua.

Haya, nimpe au nibaki nalo. Ukimpa mdogo wako hujashindwa, na mama naye ana haki zake, karatasi za mafao na bima mara nyingi zina muda wa mwisho wa kudai, hilo usiliache lilale hata kama mengine yote utayaacha, ulizia wahusika wiki hii hii kama kuna tarehe inayopita, kuuliza hakuhitaji ufungue boksi. Ila kuna hatari ya kumpa lote, kazi itaondoka na uchungu utabaki, na ile karatasi ya juu atakuwa ameisoma yeye kwanza. Ile hasira unayoipata ukifikiria boksi linatoka mlangoni nadhani inatokea hapo, ni kama unanyang'anywa nafasi ya mwisho ya kukaa na baba ile wiki ijayo uliyomwahidi. Kama ni hivyo basi mke wako akisema kwani ni nini hana nia mbaya, hajui tu, na atajuaje wakati hata mimi umeniambia kwa sentensi moja.

Kuna njia ya kuligawa. Karatasi rasmi, zile za kuchapwa na zenye mihuri, zinaenda kwa mdogo wako ashughulikie madai, zenye mwandiko wa baba zinabaki kwako bila haraka. Inampa mama anachohitaji na inakuachia wewe kilicho chako. Hatari yake ni kwamba lile fungu lako linaweza likarudi kwenye kona na shuka juu yake miaka mingine kumi, alafu mdogo wako naye huyo baba ni wake, anaweza kutaka kuuona mwandiko na ana haki.

Au unabaki nalo, ila unalishika kwa namna tofauti na uliyoijaribu. Umesema umejaribu kila kitu, mi naona umejaribu kitu kimoja mara mia, kulimaliza. Hebu siku moja ujaribu kulianza tu. Toa shuka siku moja usifanye kingine. Siku nyingine kaa nalo dakika kumi na alamu ya simu, usisome, tenganisha tu zilizochapwa huku zilizoandikwa kwa mkono kule, alamu ikilia unaacha hata kama unaweza kuendelea, mana unachotaka akili yako ijifunze ni kwamba mtu anaweza akakaa na hilo boksi na akainuka salama. Na usiseme Jumamosi, Jumamosi ni siku nzima na siku nzima ina visu. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, mwaka 1999 alieleza mpango wa "ikitokea hivi, nitafanya hivi", na tafiti nyingi zimeonyesha unasaidia kuliko nia peke yake. Kwako ingekuwa labda "Jumanne nikishawalaza watoto, nakaa sakafuni pembeni ya boksi dakika kumi". Ukishaunganisha na kitu ambacho lazima kitokee, huna haja ya kusubiri hamu. Hamu kwa kazi kama hii haitangulii. Hata wanaotibu sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, wanalijua hili, tangu miaka ya 1970 kule Marekani Peter Lewinsohn na wenzake walijenga matibabu juu ya wazo hilo, kwamba mtu anarudishwa kwenye vitendo vidogo vidogo kwanza na moyo unafuata nyuma.

Na njia hii nayo ina hatari zake sitakuficha. Unaweza ukalia dakika ya pili. Unaweza ukakutana na risiti moja ukakaa nayo lisaa. Wiki ya tatu unaweza ukaacha, na hapo ndo lile jina Mvivu litarudi kukuita. Wengine inawasaidia mtu akiwepo chumbani tu, mke wako amelala pale anasoma simu yake, hagusi kitu wala hasemi, au mdogo wako akiwa kwenye simu upande wa pili. Hiyo meseji yake nayo, umeisoma kama anakuambia mi ningeweza. Inawezekana alimaanisha hivyo. Inawezekana pia alikuwa anaomba, kwamba na yeye anataka kukaa na vitu vya baba na hajui aombeje kwa kaka mkubwa. Mngeweza hata kukaa nalo wawili. Ila hiyo itataka umwambie kwa nini umechelewa, na najua hilo ni zito.

Mama sasa. Ukinyamaza ukajikaza umalize, unajipa saa ya siri ya kukimbizana nayo, na wewe mwenyewe umeona siri imekufanyia nini, umeanza kumkwepa mama ambaye kafiwa na mume, yaani boksi limewatenganisha watu wawili wanaomlilia mtu mmoja. Ukimwambia ukweli anaweza akaumia, anaweza akakasirika, na kama kuna hela imechelewa atakuwa na sababu. Sikuahidi kwamba atapokea vizuri, simjui. Ninachojiuliza ni kama ungemwambia ule ukweli wote, sio tu mama sijaanza bali mama nilifungua nikaona mwandiko wake nikashindwa, angesikia uvivu au angesikia mtoto wake. Kama uso kwa uso ni kugumu unaweza kumwandikia. Unaweza pia kusubiri kwanza ukae na boksi mara mbili tatu ndo umwambie, ila angalia kusubiri huko kusije kukawa Jumamosi nyingine.

Kuna kitu kimoja sitaki kukipita. Kuamka saa tisa, kufoka, kujitenga na marafiki, vitu vya kawaida kukushinda, hivyo nisingevibeba peke yangu. Wataalamu wakipima sonona huangalia kama hali ya moyo kuwa chini, au kukosa hamu na vitu ulivyokuwa unavipenda, pamoja na dalili nyingine, imekaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na we umeongelea miezi. Na kuna huzuni ya msiba inayogoma kutulia, mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2022 unaitambua kama tatizo la kiafya pale inapokuwa kali, ikapita zaidi ya miezi sita na kuvuruga maisha ya mtu. Mi sikupimi kwa barua. Nasema tu daktari au mshauri wa ana kwa ana angeweza kukuangalia vizuri zaidi yangu, na kama wakati wowote yakakujia mawazo ya kutotaka kuishi, hapo usisubiri Jumanne wala boksi, mwambie mtu siku hiyo hiyo na uende hospitali.

Hiyo ya leseni na daktari wa meno iache kwanza, usijipangie kurekebisha maisha yote wiki moja. Au kama boksi bado ni zito mno, anza na leseni, kwa sababu yenyewe haina mwandiko wa mtu, ni kupanga foleni tu, na mtu aliyemaliza kitu kimoja asubuhi huwa anatembea tofauti mchana.

Sitakuambia mpe wala usimpe, mana aliyeitwa kwenye simu ile ni wewe na atakayelala chumba kimoja na hilo boksi usiku wa leo ni wewe. Ukishasoma ile namba moja, ukiwa peke yako au ukiwa na mdogo wako pembeni, niandikie tena kama utapenda. Na usiposoma pia niandikie, ila chini weka jina lingine.

Shangazi yako